Tela la Gari la Rimoti: Sanduku Liwe la Mwisho

Tela langu la kwanza lilikuwa zuri kupita kiasi. Lilikuwa na sanduku la bati lenye milango miwili, madumu mawili ya maji, tairi la akiba mgongoni, na turubai nililolikata kwenye suruali ya jinzi iliyochakaa. Niliyaiga matela ninayoyaona kila siku hapa Arusha, yale yanayobeba mahema na majiko nyuma ya Land Cruiser za watalii wanaokwenda kulala porini. Kiangazi kilipofika na mawe ya Mto Themi yakawa nje, nikalipeleka kulijaribu. Jiwe la tatu tu, gari likainamisha bega la kushoto, tela nalo likang'ang'ania kubaki wima, kisha vyote viwili vikalala ubavu kama mbuzi waliofungwa kamba moja. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa nimetumia wiki tano kwenye sanduku na jioni moja kwenye kiungio. Ndiyo sababu naandika. Kama unataka kulijengea tela gari lako la rimoti la kupanda mawe, anzia pale linaposhikana na gari, nenda kwenye mkono wa kuvutia, halafu ekseli, na sanduku liwe la mwisho kabisa. Najua ni vigumu, maana sanduku ndilo linalopendeza.

Kabla ya hapo, vipimo. Gari langu ni TRX-4 ya kampuni ya Traxxas, yenye bodi inayoiga Land Rover Defender 110, nililolinunua likiwa limeshatumika. Magari ya namna hii huuzwa kwa jina la 1:10, yaani moja ya kumi ya gari la kweli, na mimi nikaliamini jina. Nikaenda gereji ya jirani na futi ya chuma, nikapima tela la kweli, nikagawa kila kitu kwa kumi. Kilichotoka kilikuwa kama mkokoteni wa kitoto nyuma ya lori. Ndipo nikakaa chini kupiga hesabu. Land Rover 110 ya kweli ilipata jina lake kutokana na inchi 110 zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani milimita 2,794. Kwenye gari langu umbali huo ni milimita 324. Gawanya, utapata 8.6, si 10. Tairi ndiyo zimezidi kabisa: tairi la 750-16 ambalo magari ya porini huku kwetu yamelivaa miaka nenda rudi lina kimo cha kama sentimita 80, na la gari langu lina sentimita 11.7. Hapo umegawa kwa chini ya 7. Watengenezaji huzikuza tairi kwa makusudi ili gari lipande mawe.

Kwa hiyo usipime tela la kweli. Pima gari lako. Tairi za tela ziwe sawa na za gari, na ziachane kama zinavyoachana za gari, ili zipite kwenye njia ileile. Kwangu, kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jingine ni kama sentimita 20, na tela likafuata hivyohivyo. Nilitumia tairi za zamani nilizovua nilipobadilisha za gari, na hiyo ilinipunguzia gharama kubwa kuliko kitu kingine chochote. Sponji za ndani zilikuwa zimelegea, nikakata nyingine kwenye godoro bovu. Sisi tuliokua tukiendesha magari ya waya yenye magurudumu ya ndala hatuoni ajabu kwa hilo.

Sasa kiungio. Kile cha kwanza kilikuwa kipande cha bati nene chenye umbo la U na msumari uliopita katikati, kama trekta linavyovuta jembe. Kiliweza kugeuka kushoto na kulia, na kidogo juu na chini. Hakikuweza kujizungusha. Barabarani huoni tatizo lolote. Kwenye mawe, gari likipandisha tairi za kulia linainama kushoto, na tela lililo bado kwenye tambarare linapaswa kubaki wima. Kiungio kisipozunguka, kimoja kitamburuza mwenzake: ama gari litainua tairi la tela hewani, ama tela litalivuta gari chini. Nililolifanya Mto Themi ni hilo la pili, kwa sababu tela lilikuwa zito.

Dawa yake ni rahisi hata inaudhi. Chukua kile kichwa kidogo chenye tundu na gololi ndani, kinachotumika kwenye fito za usukani za magari haya ya rimoti, ukifunge kwenye bampa la nyuma. Hicho kitakupa kushoto na kulia, juu na chini. Halafu kwenye ncha ya mkono wa tela pitisha bolti ya milimita 4 kwa urefu, ufunge kwa nati yenye nailoni ndani, na usiikaze mpaka mwisho. Acha bolti izunguke kama kitasa. Nati ya kawaida italegea na kudondoka njiani; ya nailoni inabaki pale ulipoiacha. Ukimaliza, shika tela mkononi na ulizungushe mzunguko mzima huku gari likiwa mezani. Gari likitikisika, rudi ukalegeze.

Urefu wa mkono nao una sababu yake. Ukiufanya mfupi, tela litakunjika na kona ya sanduku itagonga kona ya gari kila unapokata sana. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kutoka kwenye kiungio hadi uso wa sanduku kuwe na zaidi ya nusu ya upana wa gari. Gari langu, tairi hadi tairi kwa nje, lina kama sentimita 25, nusu yake ni 12.5, nami niliacha 14. Tela likikunjika hadi kukaa pembe mraba na gari, sanduku linakuwa limeshatoka nje ya ubavu na haligusi kitu. Ukizidisha sana urefu, tela litakata kona kwa ndani na kupanda kila jiwe ambalo gari limelikwepa kwa taabu.

Uzito ndio ulionifundisha adabu. Watu wengi hufikiri urefu ukigawanywa kwa kumi na uzito unagawanywa kwa kumi. Sivyo. Urefu ukipungua mara 10, ujazo unapungua mara 1,000, na uzito vivyo hivyo. Tela la tani moja kwa kipimo cha 1:10 linatakiwa kuwa kilo moja tu. Langu la kwanza, likiwa na madumu niliyoyajaza mchanga ili “lionekane la kweli”, lilikuwa na kilo 1.9, na gari lenyewe pamoja na betri halifiki kilo nne. La pili nililishusha hadi gramu 850. Motokaa yenyewe ilinishukuru, maana mota niliyokuwa siwezi kuigusa baada ya dakika kumi za kupanda sasa ni ya uvuguvugu tu. Hata hivyo, ukiwa na tela tumia gia nzito, ile ya mwendo wa polepole, usisubiri kunusa harufu ya mota kuungua.

Lakini hata gramu 850 zinaweza kukutesa zikikaa vibaya. Madumu yale ya mchanga yalikuwa nyuma ya ekseli ya tela. Uzito ukizidi nyuma, mkono unataka kuinuka, na ukiinuka unainua mkia wa gari, na hapo tairi za nyuma zinazunguka tupu katikati ya kilima. Kwenye matela ya kweli madereva wengi hutaka takriban asilimia 10 ya uzito ulalie kwenye kiungio, nami naona kipimo hicho kinafaa hata kwa haya madogo. Kupima ni kazi ya dakika mbili: laza tela sawasawa kama maji ya mtungi, egemeza ncha ya mkono juu ya mizani ya jikoni, soma. Kwa gramu 850 natafuta 85 hivi. Kwa anayetaka kujua ekseli aiweke wapi kabla ya kutoboa chochote: kwangu umbali kutoka kiungio hadi ekseli ni sentimita 27, asilimia 10 yake ni 2.7, basi sehemu ya katikati ya uzito wote inapaswa kukaa sentimita 2.7 mbele ya ekseli. Katikati hiyo utaipata kwa kulisawazisha tela lote, pamoja na mizigo yake, juu ya penseli.

(Mizani ya jikoni uirudishe ikiwa imefutwa mafuta. Nimeshaonywa.)

Ekseli niliichukua kwenye printa mbovu. Ndani ya printa za zamani kuna vyuma vya mviringo vilivyonyooka kuliko chochote utakachonunua dukani, ila pima kwanza, havilingani. Nilichotafuta ni cha milimita 5, kwa sababu beringi za 5 kwa 11 kwa 4 ndizo zilizo kwenye magari mengi ya rimoti na hupatikana kwa urahisi. Ubaya wa vyuma hivi ni ugumu. Nilihitaji tundu la milimita 2 kila upande kwa ajili ya pini inayoshika kitovu cha gurudumu chenye pembe sita, na nilivunja biti nne kabla ya kukubali kupunguza mwendo wa drili na kuweka mafuta.

Na usifanye nilivyofanya kwanza, kupitisha chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Magurudumu yote mawili yakizunguka kwa pamoja, kwenye kona, la nje linatakiwa kwenda mbali zaidi na la ndani kidogo, na kwa kuwa hayawezi kuachana, moja linaburuzwa. Tela langu lilichora mifereji mchangani. Kata chuma katikati, vipande viwili viingie ndani ya bomba moja la alumini, kila kimoja na beringi zake mbili, na kila gurudumu litajitegemea. Bomba nililopata lilikuwa na tundu dogo kidogo, nikalipanua kwa tupa ya mviringo jioni nzima nikisikiliza mpira redioni.

Springi nilizikata kwenye ule utepe wa chuma unaofungia mizigo. Robota nyingine za mitumba hufungwa kwa huo, nyingine kwa plastiki. Unaoutaka ni wa chuma. Nilianza na majani manne, yaani vipande vinne vya utepe vilivyolaliana, kila upande nikijidanganya kwamba mengi ndiyo imara. Tela lilirukaruka kama mbuni. Mawili yanatosha kwa uzito wa chini ya kilo. Ukilipakia mizigo yake yote na springi zisiinuke wala kushuka unapolibonyeza kwa kidole, punguza.

Hapo sasa ndipo sanduku. Nilitumia bati la debe la mafuta ya kupikia, kwa kuwa limepakwa stani na linakubali lehemu bila ugomvi. Ugomvi ulikuwa na mimi. Mishono yangu ilikuwa na vidonge vya risasi kama matone ya mshumaa, mpaka nikaenda kwa mzee mmoja fundi bati anayetengeneza koroboi na makarai.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba.” Akachukua kipande changu, akakigeuza. “Hiki ni kibanda cha kuku au cha panya?”

“Ni tela la gari la mtoto, mzee.”

“Mtoto yupi? Wewe?”

Alicheka, kisha akanionyesha kwa chuma chake cha shaba kilichotoka kwenye mkaa. Akasugua mshono kwa msasa mpaka ukang'aa, akapaka dawa, akaegemeza chuma kwenye bati lenyewe, akasubiri. “Risasi inafuata moto, mwanangu. Pasha bati. Ukipasha risasi itakaa juu tu kama kamasi.” Alipoigusisha, ikakimbia kwenye mshono wote kwa mkupuo mmoja. Tangu siku hiyo sijapata vidonge. Kazi hii fanyia nje penye upepo, moshi wake si wa kuvuta, na nawa mikono kabla ya kushika chakula. Kabla ya kuunganisha, kunja kingo zote za bati milimita 5 kwenda ndani. Bati lililokunjwa halijipindi, na halikukati vidole.

Rangi sina la kusema. Nilipaka ya mchanga, na vumbi la Arusha likafanya yaliyobaki bure.

Taa za nyuma ni mapambo, lakini binti alizitaka. Gari langu lina volti 6 kwenye risiva, kile kisanduku kinachopokea amri za rimoti, taa ndogo nyekundu ya LED inakula kama volti 2, basi rezista ya omu 270 kwa kila taa inatosha. Waya uunge kwa plagi ya servo (mota ndogo inayogeuza usukani) inayochomoka kirahisi, ili siku tela likichomoka lisiondoke na risiva.

Kilichobaki kunishinda ni kurudi nyuma. Mkono wangu unajua kwamba ukitaka kwenda kulia unakata kulia, na kwa tela ni kinyume: unaanza kukata kushoto, mkia wa tela unakwenda kulia, halafu unarudisha usukani haraka kulifuata kabla halijakunjika. Tela fupi namna hii linakunjika ndani ya nusu ya sekunde. Jumamosi iliyopita nilijaribu mara tisa kuliingiza kati ya mawe mawili uani. Binti yangu, ambaye hajawahi kushika usukani wa gari lolote, aliomba rimoti, akaliingiza mara ya pili, akaniuliza kama kuna jiwe jingine.