Mpenda treni angetaka kuiendesha?

Umeuliza kama sisi wapenda treni tungetaka kazi ya udereva. Wengine ndiyo. Mimi hapana, na treni nazipenda tangu utotoni.

Nikipanda treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nakaa dirishani natafuta twiga na tembo, nikichoka nasinzia. Dereva hana nafasi hiyo. Macho yote njiani na kwenye ishara. Tena vichwa vingi vya treni vina kifaa cha kuhakikisha yuko macho: asipobonyeza kitufe au kukanyaga pedali kwa wakati, kengele inalia, asipoitikia, breki zinajifunga zenyewe. Sasa fikiria hilo saa nane usiku, nyuma umevuta mabehewa yaliyobeba shaba. Na treni nzito haisimami papo hapo, hata kama mbele yako kuna mtu anavuka reli. Hilo linanitisha kuliko zamu za usiku.

Ila kama unachopenda ni mashine yenyewe, breki zake na nguvu zake, omba kazi. Treni za umeme za SGR, reli ya kisasa ya Dar–Dodoma, zimeundwa kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa! Kwanza mtafute dereva akiwa mapumzikoni, umuulize huwa analala saa ngapi.