Kula mtaani Dar: angalia saa kwanza, bei baadaye

Watu wakihamia Dar au wakija kikazi swali lao huwa moja tu, nikale wapi pazuri na bei isiumize, na wanategemea nitaje jina la sehemu. Mi huwa nawauliza kwanza, unataka kula saa ngapi? Maana chakula cha mtaani hapa mjini kinaenda na saa. Kibanda kile kile ambacho saa sita na nusu kinakupa wali wa moto na mchuzi wa maana, ukienda saa kumi unakuta kilichobaki chini ya sufuria na maharage ya nazi yameshaanza kaukali kwa mbali, unakula hivyo hivyo kwa sababu una njaa, usiku tumbo linakata, kesho yake unasimulia watu kwamba mama ntilie wa Dar wachafu. Wachafu wapo, nitafika huko, lakini mara nyingi tatizo ni kwamba umeenda saa ambayo sio ya kile chakula.

Asubuhi ni supu. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne hivi, ng'ombe, mbuzi, kuku wa kienyeji, kongoro kwa wanaoipenda, na sehemu zenye Wachagga utapata mtori. Unapewa na ndimu, pilipili, chumvi unaongeza mwenyewe, na chapati zako mbili pembeni. Ushauri wangu hapa ni uwahi, yaani saa moja asubuhi uwe umeshakaa, kwa sababu ile sufuria ya supu inachemka tangu usiku na kadiri wateja wanavyoteka jamaa anaongeza maji na chumvi, kwa hiyo supu ya saa moja na supu ya saa nne ni vitu viwili tofauti kabisa ingawa bei ni ile ile. Na usikae tu kimya upewe chochote, sema unataka mchanganyiko au nyama tupu, wenzako wote wanachagua.

Kama hela haijakaa vizuri basi chai ya rangi na vitumbua inatosha sana, ila kitumbua kula kikitoka kwenye kikaango, simama pale pale subiri vigeuzwe. Kitumbua kilichokaa kwenye ndoo tangu alfajiri kinakuwa kizito na kinanyonya mafuta, utamu wote umeshaondoka.

Sasa mchana, na hapa ndo nataka tukae kidogo, maana mama ntilie ndo anayelisha huu mji. Saa yake ni kuanzia saa sita mpaka saa nane, ikizidi sana nane na nusu. Nikiwa mtaa nisioujua siangalii kibanda kimepakwa rangi gani wala kina meza nzuri, naangalia nani wanakula pale. Ukiona bodaboda, wabeba mizigo na vijana wa ofisini wenye vitambulisho shingoni wamekaa benchi moja, na wewe kaa. Bodaboda hasa ndo wa kumwamini, huyu anazunguka mji mzima, angeweza kula popote, na akiumwa tumbo siku moja hamna hela siku hiyo, kwa hiyo hawezi kurudi sehemu iliyowahi kumharibia.

Kuna mama mmoja Ilala nakula kwake miaka sasa. Ana majiko ya mkaa manne yamepangwa mstari, wali wa nazi, mchuzi wa nyama, maharage, na jiko la nne ni la ugali ambao anausonga kidogo kidogo kadiri watu wanavyokuja, hasongi wa siku nzima ukakaa. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, leo kuna kisamvu, nikuwekee? Anachukua bakuli analichovya kwenye maji, analijaza wali, analigeuza juu ya sahani, wali unasimama kama kichuguu, halafu maharage upande huu, kisamvu upande ule, ndizi mbivu moja, na hata kama umelipia maharage tu atakumwagia kijiko kimoja cha mchuzi wa nyama juu ya wali bila kukuambia kitu. Buku mbili tu, yaani shilingi elfu mbili. Mi nikiona mtu analipa elfu kumi na tano kwa wali wa kupasha kwenye maikrowevu eti kwa sababu kuna kiyoyozi roho inaniuma kweli.

Jinsi ya kuagiza nayo ina namna yake. Usifike ukasema nataka kitu fulani, uliza leo kuna nini, halafu uliza kipi kimetoka jikoni sasa hivi, kile ndo ule. Ijumaa ulizia pilau, mitaa mingi ya Kariakoo, Ilala na Magomeni siku hiyo ndo ya pilau na biriani na huwa inaisha mapema mno, ukifika saa nane utaambiwa imebaki harufu. Bei uliza kabla hujapakuliwa, sio ushamba, na mwenye biashara anaona afadhali uulize kuliko mje mbishane mbele ya wateja. Pia usiende na noti ya elfu kumi saa sita mchana kwa mtu anayeuza sahani za buku mbili, chenji inamtesa, siku hizi wengi wana lipa namba, ile namba ya kulipia kwa simu, basi tumia hiyo au beba noti ndogo.

Nirudi kwenye usafi. Vitu vinavyonifanya niondoke bila hata kuaga ni vichache. Sahani zote zinaoshwa kwenye beseni moja ambalo maji yameshakuwa meusi, naondoka. Hamna maji ya kutiririka ya kunawa, naondoka, maana ndoo yenye koki sio kitu cha gharama na mtu aliyeshindwa kuweka ile atakuwa ameshindwa na mengine. Wali uko kwenye sufuria iliyozimwa moto, wa vuguvugu, na saa imeshakwenda, hapo pia sili, hata akisema atanipashia. Wali uliokaa muda mrefu kwenye uvuguvugu unazaliana vijidudu vinavyoacha sumu, na ile sumu ukipasha haitoki, inabaki vile vile. Vyakula vya nazi navyo vinachacha haraka kwenye joto letu hili. Ndo maana nasisitiza saa, sio mbwembwe. Mama anayetumia hotpoti kubwa za kutunza moto ana unafuu kidogo, unaweza kumfuata mpaka saa nane na nusu bila wasiwasi.

Na wakati wa masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, mitaro ikifurika mi najibana zaidi, kachumbari na matunda yaliyokatwa naacha kabisa, nakula kilichopikwa na nakiona kina moto, maji ya jagi mezani sigusi, nabeba yangu. Kipindupindu sio stori hapa mjini na mvua ndo wakati wake.

Samaki sasa. Kama hujawahi kula Feri, soko la samaki, hujala Dar, naomba uniamini. Panda basi la mwendokasi la Kivukoni shuka kituo cha mwisho, ni hapo hapo karibu na kivuko cha Kigamboni, harufu itakuonyesha njia. Asubuhi ni mnada, kelele tupu, mama lishe, wenye mahoteli na wachuuzi wananunua kwa mafungu na ndoo, na upande mwingine kuna wakaangaji wana makarai makubwa ya mafuta juu ya moto wa kuni muda wote. Unaweza kununua samaki wako mbichi ukampelekea akukaangie kwa hela kidogo, mi ndo napenda hivi kwa sababu nimemwona samaki kabla. Jicho liwe linang'aa na limetuna, mashavu ukiyafunua ndani yawe mekundu, ukimbonyeza nyama irudi. Jicho limezama na lina ukungu, acha hata kama ni buku.

Ukinunua waliokwishakaangwa basi angalia rangi, samaki aliyekaangwa jana na kurudishwa kwenye mafuta leo anakuwa mweusi mweusi, amekauka pembeni na mkia unavunjika ukiugusa. Watu wengi wanakimbilia changu na kolekole, ni watamu sikatai, lakini kwa mtu anayebana hela vibua ni mkombozi, vina mafuta yake ya asili, ukipata ugali wa moto na kachumbari yenye ndimu ya kutosha hapo kwa mama lishe wa ndani ya soko unamaliza kila kitu kwa hela ambayo mjini kati hainunui hata supu. Nenda kabla ya saa saba. Mchana jua likishakuwa kali pale sokoni samaki mbichi waliobaki mezani sio wa kugombania.

Jioni mji unabadilika. Kuanzia saa kumi na moja vituo vya daladala vinajaa pweza, anakatwa vipande vidogo unachoma na kijiti, unachovya kwenye pilipili, na supu yake kwenye kikombe. Wauza kahawa wanapita na mabirika yao wanagonganisha vikombe, chukua na kashata. Urojo ukipata sehemu ya Mzanzibari anayejua kazi yake, wenye viazi, bajia, kachori, mishkaki, yai, chatini ya nazi na ule mchuzi wa embe na ndimu, kaa chini ule taratibu, usiubebe nyumbani, bajia zinalowa njiani na zile chipsi za muhogo za juu zinapoteza ule mkwaruzo.

Coco Beach kwa mihogo kila mtu anajua, wikiendi jioni kunajaa kweli. Muhogo wa kukaanga au wa kuchoma, unapasuliwa katikati unawekwa pilipili na chachandu. Kitu kimoja tu, ukipasua ukaona ndani kuna mistari ya rangi ya bluu au nyeusi nyeusi, huo umekaa tangu uchimbwe, rudisha kwa upole akubadilishie. Muhogo haungoji, siku mbili tatu tu baada ya kuchimbwa unaanza kuharibika. Juisi ya miwa ikamuliwe ukiwa umesimama hapo, na ndimu na tangawizi, barafu mi nakataa kwa sababu sijui maji yake yametoka wapi.

Usiku ni chipsi mayai, na hapa kuna ujanja mmoja ambao ukiushika utanishukuru. Chipsi nyingi unazoziona kwenye kabati la kioo zimekaangwa nusu tangu jioni, ukiagiza zinachovywa tena kwenye mafuta zinatoka laini na nzito. Mwambie kijana kwa heshima, kaka nikaangie mpya nasubiri, dakika kama kumi na tano hivi, hamna anayekataa. Tazama mafuta, yakiwa meusi na yanatoa povu jingi juu, sogea kibanda kinachofuata, hapa Dar vinafuatana. Mayai yapasuliwe ukiyaona, yapigwe na chumvi kidogo, yamwagwe juu ya chipsi kwenye kikaango kidogo, na mtu anayejua haharakishi kugeuza, anaacha upande wa chini ushike kahawia kwanza ndo anafunika na sahani anageuza mara moja. Mayai mawili yanatosha, matatu ni kuzidisha tu. Mishkaki chukua ile iliyo katikati ya moto, iliyosogezwa pembeni imeshaiva muda mrefu na inasubiri mteja, itakuwa ngumu.

Hela sasa, maana najua ndo mnachotaka. Mitaa kama Ilala, Temeke, Kinondoni, Magomeni, noti moja ya elfu kumi inakulisha siku nzima. Supu buku mbili jero, yaani elfu mbili na mia tano, na chapati mbili za buku, mchana wali maharage buku mbili, jioni mihogo ya buku na miwa ya jero, usiku chipsi mayai buku tatu, imeisha elfu kumi kamili na umekula kama mtu. Ukitoa supu ukaweka chai na vitumbua unabakiwa na nauli na kahawa. Masaki na Mikocheni usitumie hesabu hii, kule hata mama ntilie anaongeza kidogo kwa sababu ya mtaa, ingawa ukizunguka nyuma ya maofisi, pale wanapokula walinzi na madereva, bei inarudi ya kawaida.

Na mwezi wa Ramadhani ratiba yote hii inapinduka. Vibanda vingi vinafunga mchana, vingine vinaweka pazia, usiende kugonga gonga. Subiri saa kumi jioni uende Kariakoo, Magomeni au Ilala uone futari inavyouzwa barabarani, mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi, kaimati, sambusa, na uji wa pilipili manga. Hata kama hufungi nunua, wanauzia kila mtu, ila usianze kutafuna pale mbele za watu wenye swaumu, beba ukale ulipofikia. Fika kabla ya saa kumi na moja na nusu maana karibu na adhana watu wanagombania. Na nenda na vyombo vyako vyenye mifuniko, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na hii mifuko mbadala haishiki uji wala mchuzi wa nazi, ukijaribu utaumwaga wote kwenye daladala.