Mlimani unaingilika

Maswali yenu ya wiki hii kuhusu mihadhara na maonesho ya vyuo yanazunguka wasiwasi mmoja: je, mtu kama mimi naruhusiwa?

Mimi ni fundi seremala, niliishia darasa la saba. Nikisikia kuna mhadhara wa wazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, mlinzi hatanirudisha? (Fundi, Manzese)

Nenda, fundi. Mhadhara ukitangazwa kuwa wa wazi, cheti hakiulizwi. Jua jina la ukumbi, na kitambulisho kiwe mfukoni. Pengine utakuwa Nkrumah, ukumbi ulioushika mara nyingi bila kujua: ulichorwa nyuma ya noti ya shilingi 500, kabla noti hiyo haijaipisha sarafu. Viti vya mbele huwa vya wageni rasmi, hivyo wahi ukae karibu na njia, kipaza sauti kikipita kikufikie.

Usikose tamasha la Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika, yaani umoja wa Waafrika. Kigoda, yaani kiti cha uprofesa, kilianza 2008, Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia, na mwaka 2009 Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, alikuja kuzungumza. Siku zile hata waliokosa viti hawakuondoka.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitaambulia kitu? (Mama Lishe, Ubungo)

Inategemea mada. Mihadhara ya TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya hapo chuoni, utaifaidi. Ya uhandisi utahangaika kidogo. Ila swali uliza kwa Kiswahili bila haya. Nimeshaona swali la namna hiyo likiamsha ukumbi mzima uliokuwa unasinzia.

Na chai ipo? (Bila jina)

Angalia ratiba. Wanaofuata sambusa huondoka kabla ya maswali, na hapo ndipo utamu ulipo.

Mwaka jana binti yangu alitoka maonesho ya vyuo pale Mnazi Mmoja na mfuko wa kalamu na vipeperushi, basi. Safari hii anamaliza kidato cha sita. Tufanyeje? (Baba, Mbagala)

Mzee wangu, mpite anayegawa kalamu, mtafute mhadhiri aliyekaa nyuma ya meza. Muulizeni: mwaka jana kozi hii ilichukua wenye alama zipi? Mafunzo kwa vitendo yanafanyikia wapi? Ukiacha ada, kuna michango gani? Kisha nendeni banda la TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, mhakikishe kozi yenyewe inatambuliwa. Tena msichanganye mambo: kupata nafasi chuoni siyo kupata mkopo. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, peke yake, na una tarehe zake.

Eti SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, kuna panya wanaotegua mabomu, au ni porojo? (Mwalimu mstaafu, Kilosa)

Shikamoo mwalimu. Si porojo, ila hawategui, wananusa. Shirika la APOPO, lililoko SUA, huwafunza panya buku kutambua harufu ya baruti iliyofukiwa. Akiipata hukwaruza ardhi, watu wakamalizia. Ni mwepesi mno kulilipua bomu. Wenzake hunusa makohozi, wakibaini kifua kikuu. Mmoja, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kambodia, na 2020 PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, likamtunuku medali ya dhahabu. Piga simu kwanza kuomba kutembelea, na ufike alfajiri: jua likishachomoza vizuri, panya wanarudi kulala.