Samaki Wamejaza Laptopu Yangu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Likoni, najifunza kuandika programu kwa Python. Rafiki yangu alinipa fumbo la samaki la siku ya sita ya mwaka 2021, kutoka Advent of Code, tovuti inayotoa mafumbo ya programu kila Desemba. Kila samaki ana namba inayopungua moja kila siku. Akifika sifuri, kesho yake namba inarudi 6, na papo hapo anazaliwa mtoto mwenye namba 8. Tunaanza na samaki watano: 3, 4, 3, 1, 2. Niliwaweka wote kwenye orodha, nikawa nampitia mmoja mmoja kila siku. Siku ya 80 nilipata 5,934, na ndilo jibu. Sehemu ya pili inataka siku ya 256. Laptopu yangu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 ikakwama. Nilivuka feri, nikamaliza shughuli zangu mjini, nikarudi, nikaikuta vilevile. Ninunue kubwa zaidi? Halafu, naweza kutumia programu hii kukadiria watu wa Mombasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pesa zako zihifadhi.

Jibu la siku ya 256 ni samaki 26,984,457,539. Hata ungempa kila mmoja baiti moja tu, ungehitaji karibu gigabaiti 27. Na Python haikupi kwa bei hiyo: katika mashine za siku hizi kila nafasi ya orodha hula baiti 8, kwa hiyo orodha yako ingefika karibu gigabaiti 216. Samaki hawa huongezeka kwa kiasi cha asilimia 9 kila siku, yaani takriban kila siku 8 wanakuwa maradufu ya walivyokuwa. Ukinunua laptopu yenye kumbukumbu mara mbili ya hiyo yako, umejinunulia siku nane tu.

Mimi nilijifunza dawa ya jambo hili kabla sijaona kompyuta. Babu yangu alikuwa na bao, akilicheza barazani Mji wa Kale baada ya swala ya alasiri, mashimo 32 na kete 64 za komwe. Nilikuwa nakaa ubavuni mwake nikijaribu kuifuata kete moja kwa macho: imetoka wapi, imeingia shimo lipi. Sikuweza hata mara moja. Babu hakujishughulisha na hilo. Alichojua ni kwamba shimo hili lina tatu, lile lina tano, na hiyo ilimtosha kujua mchezo unaelekea wapi.

Samaki wako ni kete. Wawili wenye namba 3 leo watakuwa na namba 2 kesho, watazaa siku moja, na maisha yao yote yatafanana. Kwa nini uwaandike mara mbili? Chora mashimo tisa, toka 0 hadi 8, na katika kila shimo andika idadi tu. Mwanzo wako ni huu: shimo la 1 lina mmoja, la 2 mmoja, la 3 wawili, la 4 mmoja. Mengine ni matupu.

Kila siku fanya hivi. Kwanza chota walio katika shimo la 0 uwashike mkononi, kumbuka idadi yao. Kisha sogeza kila shimo hatua moja kushoto: wa 1 waingie 0, wa 2 waingie 1, mpaka wa 8 waingie 7. Mwisho wale wa mkononi ni wazazi, waongeze katika shimo la 6, na uweke idadi iyo hiyo katika shimo la 8, ndio watoto wao.

Hapo pa shimo la 6 ndipo wanafunzi wangu wengi huteleza. Wanaandika idadi ya wazazi juu ya iliyokuwamo, na wale waliotoka tu shimo la 7 wanafutika. Jumlisha, usibadilishe. Kosa hili halijitokezi siku za mwanzo, kwa sababu shimo la 7 bado ni tupu, kwa hiyo programu inaonekana nzima. Jipime kwa siku ya 2, uwe na samaki sita, siku ya 3 saba, na siku ya 18 wawe 26.

Siku 256 mara mashimo tisa ni hatua 2,304. Laptopu yako itamaliza kabla hujainua kidole. Rafiki yako akiandika kwa lugha ya Java, mwambie atumie namba za biti 64, kwa maana zile za biti 32 mwisho wake ni 2,147,483,647 na samaki wako wameshazidi hapo.

Sasa watu wa Mombasa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 katika kaunti yetu, na ya 2019 ikapata 1,208,333, ambayo ni nyongeza ya karibu asilimia 2.5 kwa mwaka. Wazo la mashimo linafaa, na wataalamu wa idadi ya watu hulitumia: wanagawa watu kwa rika za miaka mitano mitano, 0 hadi 4, 5 hadi 9, na kuendelea. Mwaka 1945 P. H. Leslie, Mskoti aliyechunguza idadi ya wanyama, aliipanga hesabu ya namna hii kwa matriki, yaani jedwali la namba lenye safu na nguzo.

Ila kanuni za samaki usizibebe. Samaki wa fumbo hafi, na kila mmoja huzaa. Katika mashimo ya watu, kila shimo lina sehemu inayokufa njiani, na wanaoongeza shimo la kwanza ni wanawake wa miaka 15 hadi 49, kila rika kwa kiwango chake. Kisha kuna wanaoingia kutoka bara kutafuta kazi bandarini na mahotelini, na wanaohama. Anza na wanawake peke yao, rika kumi, bila wahamiaji. Ikishakwenda sawa, ongeza shimo la wageni, unitumie ulichopata.