Kosa la kibinadamu, au gunia lisilobebeka?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani wa ghala la chama cha msingi huku wilayani Newala. Msimu uliopita wa korosho, wakati wa kupanga staki ya magunia, gunia lilimponyoka kuli mmoja likamwangukia mwenzake mguuni. Kwenye taarifa niliandika: "Ajali imetokana na makosa ya kibinadamu." Mwenyekiti akanirudishia karatasi. Akasema Kiswahili sahihi ni "makosa ya binadamu" kwa kuwa aliyekosea ni mtu, na akataka niongeze neno "uzembe". Baadaye tukaitwa kwenye semina ya usalama kazini, na kabrasha lake likatuagiza tuchunguze "sababu za kibinadamu" na "ergonomia". Nimebaki njia panda. Lipi ni sahihi? Na hiyo ergonomia ni Kiswahili kweli?

JIBU: Marahaba. Kwa sarufi, wewe na mwenyekiti wote mko sawa, ila hamkusema jambo moja. Walioteleza ni wenye kabrasha. Ama hilo neno "uzembe", hapo tumeshatoka kwenye sarufi tumeingia kwenye hukumu, na katika maelezo uliyonipa sioni uzembe ulipo.

Tuanze na ile ki-. Tukisema "tabia ya mtoto", yupo mtoto tunayemzungumzia. Tukisema "tabia ya kitoto", mtoto anaweza asiwepo kabisa. Mwenye tabia huenda ni mzee wa miaka 60. Nyumba ya mfalme ina mfalme wake, lakini nyumba ya kifalme inaweza kuwa ya mkulima wa Masasi aliyepata bei nzuri mnadani. Kiambishi hiki hutaja namna, hakimtaji mwenyewe. Basi "kosa la binadamu" ni kosa ambalo mtu fulani amelitenda, na "kosa la kibinadamu" ni kosa la aina ambayo watu hulitenda, yaani yeyote aliyekuwa pale angeweza kulitenda. Mwenyekiti alitaka mkosaji, wewe ukataja aina ya kosa. Ndiyo maana anayeomba radhi husema "ni makosa ya kibinadamu". Sijamsikia anayejitetea kwa "makosa ya binadamu".

Kabrasha sasa. "Sababu za kibinadamu" ni maneno yenye kazi nyingine katika Kiswahili, na yameizoea. Mfungwa mgonjwa sana huachiwa kwa sababu za kibinadamu. Waliokumbwa na mafuriko hupelekewa misaada ya kibinadamu. Hapo kibinadamu ni utu, huruma, imani. Kwa hiyo anayetuambia tuchunguze sababu za kibinadamu za ajali anatufanya tudhani gunia lilianguka kwa kuonea watu huruma. Aliyetafsiri alichukua neno moja moja kutoka Kiingereza (human factors), akaliweka kitini bila kuangalia kama kiti kina mtu. Alichokusudia ni mambo yote yanayomhusu mtu akiwa kazini: kimo chake, nguvu zake, macho, kumbukumbu, uchovu, pamoja na jinsi kifaa na mahali pa kazi vilivyopangwa kumfaa au kumkwaza. Ningeandika tu "mambo yanayomhusu mtu kazini", hata kama ni marefu kidogo.

Nirudi kwenye taarifa yako, maana ina upungufu mkubwa kuliko wa ki-. Ukishaandika "makosa ya kibinadamu", msomaji hana la kuuliza tena. Hajui gunia lilikuwa na kilo ngapi, staki ilikuwa imefika urefu gani, makuli walikuwa wameanza saa ngapi. Ukiongeza "uzembe" ndiyo umefunga mlango na komeo.

Maneno hayahaya yaliwahi kuwasumbua watafiti. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Paul Fitts na Richard Jones walikusanya visa 460 vya marubani wa Marekani waliokosea kutumia vifaa vya kuendeshea ndege. Kichwa cha taarifa yao ya mwaka 1947 kinataja kosa la rubani, na maneno hayo wameyatia alama za nukuu. Kwa mtu wa lugha, alama hizo zinatosha: hivyo ndivyo watu wanavyoita, sisi bado tunachunguza. Wakakuta makosa yanajirudia kwa namna ileile kwa watu tofauti, mkono ukienda kwenye kifaa kisicho chenyewe. Wakati wa vita hiyohiyo mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alishughulikia ndege ya B-17, ambayo marubani wake, wakishatua salama, walikuwa wakikunja magurudumu badala ya kurudisha vibawa vya kupunguzia mwendo. Swichi mbili za umbo moja zilikuwa zimekaa bega kwa bega. Chapanis hakuandika barua ya onyo. Mpini mmoja ulipewa kichwa cha umbo la gurudumu, mwingine kichwa bapa cha umbo la bawa, mkono ukaweza kutambua bila jicho kusaidia.

Kuhusu aina za makosa, James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alizipanga vizuri mwaka 1990, na raha yake ni kwamba Kiswahili cha kila siku kilikuwa na maneno yake tayari. Mtu huteleza: alikusudia sawa, mkono au ulimi ukaenda kando. Mtu hupitiwa, au hughafilika: hatua imemtoka akilini. Mtu hukosea: ameamua vibaya huku akiamini ameamua vyema. Na mtu hukiuka: utaratibu anaujua, akauacha kwa makusudi. Uzembe ni jirani wa huyu wa mwisho tu. Kuli aliyeponyokwa na mzigo hakukiuka kitu.

Wewe mwenyewe uko karibu na kuteleza kila siku ya mnada. Weka kitochi chako kando ya kikokotoo. Kwenye simu safu ya juu ni 1, 2, 3. Kwenye kikokotoo safu ya juu ni 7, 8, 9. Mpangilio wa simu ulitokana na majaribio ya maabara za Bell huko Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1960, ambako watu walipimwa kasi na makosa yao kwa mipangilio mbalimbali ya vitufe. Vikokotoo vikabaki na desturi yao. Ukitoka kujumlisha kilo ukahamia kuandika namba ya simu ya mkulima, na kidole kikabonyeza 7 palipostahili 1, mwenyekiti ataita uzembe. Mimi nitaita kuteleza, na nitauliza nani alipanga meza hiyo.

Nililosema hamkulitaja, nyote wawili, ni kitenzi. Mmegombania nomino wakati Kiswahili kina silaha yake kwenye mnyambuliko wa kutendeka, ile -ik- au -ek-. Wahenga wametuwekea pande zake mbili katika methali moja: maji yakimwagika hayazoleki. "Yakimwagika" ni hali: yamefikia kumwagika, aliyemwaga hatajwi. "Hayazoleki" ni uwezekano: kuyazoa hakuwezi kufanyika, mzoaji awe hodari asiwe hodari. Upande huu wa pili ndio unaokufaa. Unaeleza kitu kwa kukipima na mtu anayekitumia, bila kumlaumu mtu. Gunia halibebeki. Namba kwenye mizani hazisomeki jua likipiga kioo. Njia kati ya staki haipitiki. Kiti hiki hakikaliki. (Vitenzi vingi vinavyoishia na irabu mbili hurudisha l iliyojificha: kaa, kalika, vaa, valika, zoa, zoleka, inua, inulika.) Kusema hayo, sisi tunatia silabi moja tu.

Tazama inavyobadilisha mambo huku Kusini. Msimu wa kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho tunaandika: "Mkulima hakuvaa barakoa na miwani." Sentensi sahihi, na lawama iko palepale. Ukiandika "Miwani haivaliki kwa muda mrefu, inapata ukungu kwa jasho", umeandika jambo la kushughulikiwa na anayenunua miwani. Kwenye ubanguaji ni hivyohivyo. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na wabanguaji wengi hupaka majivu au mafuta mikononi. "Wanakataa glavu", anasema msimamizi. Waulize wenyewe: glavu nene, korosho haishikiki. Kitenzi kimehama kutoka kwa mama anayekataa kwenda kwenye korosho isiyoshikika, na hapo unajua kinachotakiwa ni glavu ya namna nyingine.

Tahadhari mbili. "Hakitumiki" maana yake ni kwamba kifaa hakiko katika matumizi, si kwamba hakiwezi kutumiwa. Hapo sema "hakifai kwa kazi hii". Pili, kitenzi cha kutendeka hakipendi "na" ya mtenda. "Limebebwa na mtu mmoja" ni sawa kwa sababu ni kutendwa. "Halibebeki na mtu mmoja" nalisikia sana, mpaka redioni, lakini kwenye taarifa ya ofisi andika "halibebeki kwa mtu mmoja".

Tofauti ya kutendwa na kutendeka iliwahi kuwa na gharama kubwa, ingawa waliohusika hawakuwa Waswahili. Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, vali moja ilikwama wazi. Taa ya chumba cha uendeshaji ilikuwa imeunganishwa na amri ya kufunga, haikuunganishwa na vali yenyewe. Amri ikatumwa, taa ikazima, waendeshaji wakaamini vali imefunga. Maji ya kupoozea yakavuja kwa zaidi ya saa mbili na sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka. Kwa Kiswahili ningesema taa ile ilitoa habari ya "imeamriwa ifungwe", wao wakasoma "imefungika". Uchunguzi uliofuata uliwatupia macho sana waliosanifu chumba kile. Siku hizi tuna mitambo ya gesi Madimba na Songosongo, na vijana wetu wanakaa mbele ya skrini za namna hiyo. Atakayeandika maelezo ya Kiswahili kwenye skrini hizo achague kati ya -w- ya kutendwa na -ik- ya kutendeka kwa makini.

Sasa taarifa yako. Sikuwepo ghalani, kwa hiyo takwimu uzijaze mwenyewe. Ningeandika hivi: "Gunia la kilo 80 lilimponyoka kuli alipokuwa akilipandisha kwenye staki iliyozidi kimo chake. Gunia halina pa kushikia na kwa uzito huo halibebeki kwa mtu mmoja. Mwenzake alikuwa amesimama chini ya staki kwa kuwa njia nyingine haikupitika." Hakuna kosa lililofichwa humo, na mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, akija anajua aanzie wapi. Kama mwenyekiti atataka kipimo, mwambie kanuni ya kukokotoa uzito wa kuinua ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, huanzia kilo 23 pale mambo yote yanapokuwa mazuri: mzigo uko karibu na mwili, mgongo haupindi, pa kushikia papo. Kila sharti linapokosekana, kilo zinapunguzwa. Gunia letu limezidi mara tatu na ushee kabla hata hatujaanza kupunguza. Akisema makuli wa Mtwara ni watu wa nguvu, mkubalie, halafu umuulize wangapi kati yao wanafika miaka 50 wakiwa bado wanabeba.

Na ergonomia? Ndiyo fani ya kupanga kazi na vifaa vimfae mtu. Ni neno la mkopo kama jiografia na anatomia, na halina ubaya. Mzizi wake ni Kigiriki: ergon ni kazi, nomos ni sheria au kanuni. Mpolandi Wojciech Jastrzębowski alilitumia mwaka 1857, likasahaulika, kisha Waingereza wakaliibua upya mwaka 1949 walipounda jumuiya ya watafiti wa fani hiyo. Chagua "ergonomia", uache "ergonomiki" inayoanza kuonekana hapa na pale, kwa sababu tumeshazoea astronomia na ekolojia, na mwisho wa -ia unakaa vizuri kinywani. Ngeli yake ni ya I-ZI: ergonomia hii, ergonomia ya ghala letu. Sifa yake ni "-a kiergonomia", lakini kabla hujaandika "kiti cha kiergonomia" jaribu kwanza "kiti kinachokalika". Mara nyingi utakuta la pili linatosha, na makuli watalielewa bila semina.