Mama, huyo mtoto hana pepo

Mama, umeuliza kwa nini mwanao wa miaka 7, ambaye daktari alisema ana usonji (autism, yaani ubongo wake umekua kwa namna tofauti), anaziba masikio na kulia kila mkifika soko la Kadutu, mjini Bukavu, na kama jirani ana haki kusema ni pepo. Hapana, mama. Si pepo, wala si utundu.

Honi za pikipiki, spika za wauzaji, wabeba mizigo wanaopaza sauti: wewe unaviacha vyote na kumsikia anayekuuzia nyanya tu. Kwa watu wengi wenye usonji, vyote huingia pamoja, kwa nguvu ileile. Ongeza harufu ya samaki wakavu na watu wanaomsukuma. Amelemewa. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, unataja hisia kali au hafifu kupita kawaida kati ya dalili za usonji. Hafifu pia, ndiyo maana wengine hawalii wakiumia; mkague miguu akitoka kucheza.

Mpeleke asubuhi, kabla watu hawajajaa. Kata lebo ya shati la shule inayomkwaruza shingoni. Kama sombe (majani ya muhogo) ikigusa bugali anakataa kula, mtengee sahani mbili, usimgombeze. Akipepea vidole mbele ya macho, mwache, wengi hujituliza hivyo.

Kuhusu kumpeleka chumba cha maombi: kumwombea ni vizuri, nami namwombea. Lakini kumfungisha chakula au kumchapa ili pepo atoke, usikubali, hata akisema mama mkwe.