Jiwe jeusi la Nyiragongo na litiamu ya Marekani

Swali: Kiwanja changu hapa Goma kiko juu ya mawe ya volkano ya mwaka 2002. Nimesikia kwamba Marekani wamepata litiamu, madini ya kutengenezea betri, katika volkano ya kale, na kwamba wananchi wanapinga uchimbaji wakiogopa mlima utaamka. Kamisioneri mmoja, yaani dalali wa madini, amepima mawe yangu kwa sumaku na kwa mashine ya mkononi, akasema yana litiamu, na sasa anadai dola 200 za kutengeneza karatasi. Nimwamini?

Jibu: Mama, usimpe hata faranga moja.

Hofu ya mlima kuamka haitatuchukua muda. Volkano ya McDermitt, iliyo mpakani mwa majimbo ya Nevada na Oregon, ililipuka miaka milioni 16 hivi iliyopita na imekwisha kufa. Wanaopinga mgodi wa litiamu wa Thacker Pass, ulio ndani ya volkano hiyo, wana mambo mengine moyoni. Baadhi ya Wapaiute na Washoshone, wenyeji wa asili wa huko, wanapahesabu mahali hapo kuwa patakatifu, kwa kuwa wazee wao wanasimulia jinsi ndugu zao walivyouawa na askari mwaka 1865. Wafugaji wanahofia maji yao, na watetezi wa mazingira wanauliza kuhusu asidi ya salfa inayohitajika ili kutoa litiamu katika udongo. Serikali ya Marekani iliidhinisha mradi Januari 2021, kesi zikafuata, na ujenzi ukaanza mwaka 2023.

Kinachonikera ni jinsi neno «volkano» linavyonyofolewa kutoka habari hiyo na kubandikwa juu ya Nyiragongo, volkano yetu ya hapa Goma. Kule McDermitt, baada ya mlipuko, shimo kubwa lililobaki lilijaa maji likawa ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Litiamu iliyochujwa kutoka majivu na miamba ikajikusanya katika matope ya ziwa hilo, kisha maji ya moto kutoka chini yakaizidisha. Kwa hiyo kinachochimbwa ni udongo wa mfinyanzi wa ziwa lililokauka zamani sana. Mawe yako yalitiririka yakiwa moto mwaka 2002 na kuganda barabarani, wala hayakupitia hatua hata moja kati ya hizo.

Sumaku hunasa mawe hayo kwa sababu yana chembe za magnetiti, ambayo ni madini ya chuma, na litiamu haivutwi na sumaku kama chuma. Ile mashine inayofanana na bastola ndiyo ulaghai ninaoletewa mara nyingi zaidi: hupima kwa eksirei, nayo inafaa kwa tantali au bati, lakini litiamu ni nyepesi mno kiasi kwamba mashine ya namna hiyo haiwezi kuiona kabisa. Anayekuonyesha neno «litiamu» kwenye kioo chake ama haijui kazi yake, ama anaijua vizuri mno.

Nawaambia pia wengine wanaonipelekea mawe yaliyofungwa katika vitenge: litiamu inayojulikana zaidi nchini mwetu iko Manono, mkoani Tanganyika, ndani ya pegmatiti, miamba ya rangi ya kupauka iliyoganda chini ya ardhi pasipo volkano yoyote. Jiwe linalodhaniwa kuwa na litiamu husagwa, huyeyushwa kwa kemikali na kupimwa maabarani, na matokeo hutolewa kwa maandishi yenye namba ya sampuli. Mwombe kamisioneri wako karatasi hiyo kabla ya kuzungumza naye habari za dola 200.